SOMO LA MWEZI: Kutunza Njia ya Mafuta na Njia ya Maji Katika Mashine ya Dizeli ya Boti

Kwa mkaazi wa Kipini, Ozi, Kau, Chara au Kilelengwani, boti si chombo cha uvuvi peke yake. Boti ndiyo matatu, ndiyo lori la kupeleka mchele na maembe sokoni, na mto unapofura ndiyo ambulensi. Wakati wa mafuriko ya mvua za El Niño mwishoni mwa mwaka 2023, na tena mwezi wa Aprili na Mei 2024, barabara ya Garsen kwenda Lamu ilikatika, na ile ya kuingia Garissa kupitia Madogo ikafunikwa na maji. Katika siku kama hizo maisha ya mgonjwa, ya mama mjamzito na ya mtoto wa shule hutegemea jambo moja: mashine iwake, na ikishawaka isizime katikati ya mkondo.

Mashine ya dizeli ina sifa ya kuvumilia. Ikitunzwa hudumu miaka mingi. Mafundi wengi wa pwani watakuambia kwamba mashine inapozima njiani, mara nyingi sababu ni moja kati ya mbili: mafuta yameingia uchafu, maji au hewa, au maji ya kupoza hayapiti. Habari njema ni kwamba njia hizi mbili ndizo ambazo mwenye chombo anaweza kuzitunza mwenyewe, kwa spana chache, ndoo, kitambaa safi na dakika kumi na tano kila asubuhi.

Somo hili ni kwa wenye boti zenye mashine ya dizeli iliyofungwa ndani ya chombo. Wakulima wanaotumia pampu za dizeli kumwagilia mashamba watafaidika na sehemu ya mafuta. Wenye mashine za petroli za kuning'inizwa tezi watapata maelezo yao karibu na mwisho.

SEHEMU YA KWANZA: Mashine ya dizeli inavyofanya kazi

Mashine ya petroli huwashwa kwa cheche ya plagi. Ya dizeli haina plagi ya cheche. Pistoni huikandamiza hewa ndani ya silinda mpaka hewa hiyo inapata joto la zaidi ya nyuzi 500 za Selsiasi. Wakati huohuo nozeli hurusha dizeli kidogo sana, nyembamba kama ukungu, nayo inawaka yenyewe.

Ili dizeli itoke kama ukungu, pampu kuu huisukuma kwa nguvu kubwa mno. Vyuma vilivyo ndani ya pampu hiyo na ndani ya nozeli vimepishana kwa nafasi ya elfu chache tu za milimita. Unywele wa mtu ni mnene mara nyingi kuliko nafasi hiyo. Kinachovilainisha vyuma hivyo ni dizeli yenyewe. Hakuna oili nyingine inayofika pale. Kwa hiyo chembe ya mchanga usiyoiona kwa macho inakwaruza chuma, na tone la maji linaleta kutu mahali pasipo na nafasi ya kutu. Ndiyo maana kutengeneza pampu kuu ni ghali, na kubadilisha filta ni rahisi.

Joto linalobaki baada ya kuwaka lazima liondolewe. Mashine ya boti haina upepo wa mbele kama gari, kwa hiyo huvuta maji ya nje, huyapitisha ndani, kisha huyatema pamoja na moshi. Maji hayo yakikatika, raba huungua, gasketi ya hedi hupasuka, na mwisho pistoni hugandana na silinda.

SEHEMU YA PILI: Njia ya mafuta

Dizeli husafiri hivi: kutoka tangini hupita kwenye filta ya kwanza, ambayo mara nyingi ina bilauri ya kutenga maji, kisha pampu ndogo ya kuvutia, kisha filta ya pili, kisha pampu kuu, na mwisho nozeli. Mafuta yanayobaki hurudi tangini kwa bomba la marejeo.

Kinga huanzia kwenye jerikani. Wengi wetu hatununui dizeli kwenye gati. Tunainunua Garsen au Minjila, tunaibeba kwa pikipiki hadi mtoni, na jerikani inakaa kwenye jua na mvua. Fanya haya:

1. Tenga jerikani za dizeli peke yake. Jerikani iliyobeba mafuta ya taa, petroli au maji ya kunywa isitumike. Ziandike kwa rangi.

2. Kabla ya kumimina, iache jerikani itulie bila kutikiswa, ikiwezekana usiku mzima. Maji ni mazito kuliko dizeli, kwa hiyo hukaa chini pamoja na mchanga. Mimina taratibu na uache kiasi cha vikombe viwili mwishoni. Hicho kilichobaki kiweke kwenye chupa ya kioo, kitulie, kisha umimine sehemu safi ya juu.

3. Tumia mrija wa kumiminia wenye wavu mwembamba. Kitambaa cha pamba kinachochanika nyuzi hakifai, maana nyuzi zenyewe ndizo zitakazoziba filta.

4. Jaribu mafuta kwa macho. Jaza chupa safi ya kioo, iinue kwenye mwanga. Dizeli nzuri ni angavu. Ikiwa na ukungu, ina maji. Ikiwa na vipande vyeusi kama makapi ya chai, tangi au jerikani ina uchafu wa siku nyingi.

5. Usichanganye na mafuta ya taa, wala usinunue kwa mtu usiyemwamini kwa sababu ya bei. Mafuta ya taa yana ulainishaji hafifu, na pampu kuu huisha upesi. Uchanganyaji ulikuwa umeenea hata mwaka 2018 serikali ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuupunguza.

Tangi lijazwe jioni. Tangi lililo nusu lina hewa nyingi, na hewa ya pwani ina unyevu. Usiku unapopoa, unyevu huo hugeuka matone kwenye kuta za tangi na kuteremka chini. Tangi likijazwa baada ya kazi, hewa haina nafasi. Maji yakikaa chini ya dizeli kwa muda, viumbe vidogo huota pale maji na mafuta yanapokutana, na kutengeneza ute mweusi unaoteleza. Ukiona ute huo kwenye filta, kubadilisha filta hakutoshi. Tangi lenyewe lazima likaushwe na kusafishwa.

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha, fungua koki ndogo iliyo chini ya bilauri na umwage kidogo kwenye kopo la kioo. Maji yakitoka, endelea mpaka itoke dizeli tupu, kisha funga. Ukipata maji kila siku, tafuta yanakoingilia. Mara nyingi ni kifuniko cha tangi kilichopoteza raba, au mdomo wa kujazia ulio sawa na sitaha, mahali ambapo mawimbi na mvua hupita juu yake.

Angalia pia tundu la kupumulia la tangi. Nyigu hupenda kujenga humo, na chumvi huliziba. Dalili yake ni hii: mashine inafanya kazi vizuri kwa nusu saa, inafifia, inazima, ukifungua kifuniko cha tangi unasikia hewa ikivutwa, kisha mashine inawaka kama kwamba hakuna kilichotokea. Watu hubadilisha filta tatu kabla ya kulitazama tundu hilo.

SEHEMU YA TATU: Hewa kwenye mafuta, na jinsi ya kuitoa

Dizeli haibonyei, lakini hewa hubonyea. Hewa ikiingia kwenye pampu kuu, pampu huibonyeza hewa badala ya kusukuma mafuta, na nozeli haifunguki. Hewa huingia unapobadilisha filta, unapoishiwa mafuta, au bomba linapolegea.

Jambo moja la kukumbuka: bomba lililo kati ya tangi na pampu ndogo ni bomba la kuvuta. Likiwa na ufa, pengine hutaona mafuta yakidondoka nje. Litavuta hewa ndani. Kwa hiyo bomba kavu si ushahidi kwamba ni zima. Kagua klipu, washa za shaba na raba ya filta kwa mkono.

Hatua za kutoa hewa katika mashine za kawaida:

1. Hakikisha tangi lina mafuta na koki yake imefunguliwa.

2. Legeza skrubu ya kutolea hewa iliyo juu ya filta. Weka kitambaa chini.

3. Piga pampu ndogo kwa kidole. Povu litatoka, kisha mafuta yenye viputo, kisha mafuta matupu. Kaza skrubu ukiwa bado unapiga.

4. Rudia kwenye skrubu ya pampu kuu.

5. Jaribu kuwasha. Ikikataa, legeza kidogo nati za mabomba kwenye nozeli, zungusha mashine kwa starta, na mafuta yakionekana kaza tena. Hatua hii isifanywe kwenye mashine za kisasa zinazoongozwa kwa kompyuta. Nguvu ya mafuta humo ni ya kuua, na kazi hiyo ni ya fundi.

Katika mashine yoyote, usiweke kidole kupima mafuta yanayoruka kwenye nozeli. Yanapenya ngozi kama sindano. Mtu aliyepenywa apelekwe hospitali mara moja hata kama kidonda ni kidogo kama kichomo cha mwiba.

Onyo la pili ndilo linalounganisha njia ya mafuta na njia ya maji, na wengi hawalijui. Ukizungusha starta kwa muda mrefu bila mashine kuwaka, pampu ya maji inaendelea kuvuta maji, lakini hakuna moshi wa kuyasukuma nje. Maji hujaa kwenye bomba la moshi, hurudi nyuma na kuingia ndani ya silinda. Hapo shida ndogo ya hewa inageuka kuwa mashine iliyovunjika. Kwa hiyo: ukijua utazungusha sana, funga kwanza koki ya maji ya nje. Mashine ikishika tu, ifungue papo hapo. Ning'iniza ufunguo wa kuwashia kwenye koki hiyo ili usisahau.

SEHEMU YA NNE: Njia ya maji

Maji huingia kwa koki iliyo chini ya chombo, hupita kwenye chujio, hufika kwenye pampu yenye impela ya raba, kisha huingia mashineni. Ziko aina mbili. Katika aina ya kwanza, maji ya nje yenyewe huzunguka ndani ya mashine. Katika aina ya pili, mashine ina maji yake safi yenye dawa ya kuzuia kutu, na maji ya nje hupita kwenye kipozeo tu kuyapoza hayo mengine. Jua yako ni ya aina gani. Kama ina kifuniko cha kujazia maji kama rejeta ya gari, ni ya aina ya pili.

Mashine ya aina ya kwanza huwekewa thamostati ya joto la chini, karibu nyuzi 60. Kuna sababu. Maji ya bahari yakipata joto zaidi ya hapo, chumvi huanza kuganda kwenye kuta za ndani kama ukoko wa wali kwenye sufuria. Basi usifunge thamostati ya gari kwa kuwa ndiyo iliyopatikana dukani. Wala usiondoe thamostati kabisa. Mashine itafanya kazi ikiwa baridi mno, itavuta moshi na kuchafua oili.

Impela ndiyo moyo wa njia hii. Ni gurudumu dogo la raba lenye makucha yanayopinda. Maji ndiyo yanayoilainisha. Ikizunguka kavu, huungua kwa muda mfupi sana, hata chini ya dakika moja. Kabla ya kuwasha, gusa koki ya maji kwa mkono uhakikishe iko wazi. Baada ya kuwasha, tazama tezi: maji lazima yatoke na moshi.

Kubadilisha impela si kazi ngumu:

1. Funga koki ya maji. Fungua skrubu za kifuniko cha pampu.

2. Toa impela taratibu kwa koleo. Usitumie bisibisi kukwaruza mdomo wa pampu.

3. Hesabu makucha. Ucha mmoja ukikosekana, umesafiri mbele na maji. Utafute kwenye bomba linalotoka pampuni au mdomoni mwa kipozeo. Ukiuacha, utaziba njia na mashine itaendelea kupata joto hata kwa impela mpya, nawe utailaumu impela.

4. Paka impela mpya sabuni ya maji. Usipake grisi wala oili, huharibu raba.

5. Iingize huku ukiizungusha upande ambao mashine huzunguka, ili makucha yalale vizuri. Weka gasketi mpya, kaza skrubu kwa zamu.

6. Fungua koki, washa, tazama maji.

Kagua pia chini ya shafti ya pampu. Kuna tundu dogo. Likidondosha maji au likiwa na ukoko wa chumvi, sili imechoka. Ukichelewa, maji yatafika kwenye beringi.

Mwisho, vipande vya kujitoa mhanga. Metali tofauti zikiwa pamoja ndani ya maji ya chumvi, moja huliwa. Ili isiliwe kipozeo au rafadha, hufungwa kipande cha metali laini kiliwe badala yake. Baharini hutumika zinki. Kwenye maji yaliyochanganyika ya mdomo wa mto, alumini hufanya kazi vizuri zaidi, kwa kuwa zinki ikikaa kwenye maji baridi hujifunika ganda na kuacha kulinda. Chombo kinacholala Kipini na kupanda mto kila mara kifungwe alumini. Kipande kikiliwa nusu, badilisha. Usikipake rangi.

SEHEMU YA TANO: Mambo ya delta yetu

Vitabu vya mashine huandikwa kwa bahari safi. Sisi tuna mto Tana, mrefu kuliko mito yote ya Kenya, ambao hushuka na udongo wa nyanda za juu. Mvua zikiwa nyingi na mabwawa ya juu kama Masinga na Kiambere yakifurika, maji yanayopita Garsen huwa kama uji. Udongo huo ukiingia pampuni hufanya kazi ya msasa: hula makucha ya impela, hukwaruza kifuniko, na kutuama kwenye pembe za mashine ambako maji huenda polepole. Wakati wa kiangazi, hasa siku za bamvua, mambo hugeuka: maji ya chumvi hupanda mto hadi pande za Ozi, na mwenye boti anayedhani yuko kwenye maji baridi kumbe anavuta chumvi.

Kwa hiyo ratiba ya kitabu ipunguzwe. Kama kitabu kinasema badilisha impela baada ya saa 200, wewe ifungue na kuitazama kila baada ya saa 50 wakati wa maji mekundu. Tena:

Usikaze mwendo penye kina kidogo. Rafadha huchimbua tope, na koki ya maji iko palepale chini kulivuta. Kwenye fungu, zima mashine na utumie pondo.

Usiiache mashine ikifanya kazi chombo kinapopwelewa. Chombo kikiegemea upande, koki hutoka majini na impela hubaki kavu.

Kagua chujio kila unapofika, si kila unapoondoka tu. Majani, magugu na vipande vya mifuko ya plastiki hushuka na mto. Mfuko mmoja ukijibandika chini ya chombo hutosha.

Suuza mashine. Jaza pipa maji safi ya mvua au ya mto yaliyotuama usiku mzima. Funga koki, toa bomba la kuingilia chujio, litumbukize pipani, washa mashine kwa mwendo wa chini na uiache ipate joto la kawaida ili thamostati ifunguke. Dakika tano hadi kumi zinatosha. Zima kabla pipa halijaisha, rudisha bomba, kaza klipu mbili. Usiunganishe mfereji wenye nguvu moja kwa moja. Maji yatajaa bombani mwa moshi kama tulivyoonya hapo juu.

Mashine iliyozama kwenye mafuriko isijaribiwe kuwashwa. Silinda zikiwa na maji, starta itapinda vyuma. Toa nozeli, zungusha kwa mkono maji yatoke, mwaga oili yote na dizeli yote, tia mpya, kisha mwite fundi siku hiyohiyo. Kila siku inayopita ni kutu.

SEHEMU YA SITA: Mashine ikipata joto njiani

Mahali pabaya pa kuzimikiwa ni mdomo wa mto Kipini, pale maji ya kupwa yanapokutana na mawimbi ya kusi yanayoingia ghuba ya Ungwana. Nahodha mwangalifu husimama kwanza ndani ya mto, hutazama maji yanayotoka tezi na kipimo cha joto, ndipo avuke.

Dalili za mapema ni hizi: sauti ya bomba la moshi inabadilika na kuwa kavu; maji yanatoka machache; mvuke mweupe unaonekana; kunanukia raba. Ukiona mojawapo:

1. Punguza mwendo, toa gia. Kama uko karibu na mawimbi, elekea penye usalama kwanza.

2. Tazama tezi. Kama maji yanatoka kidogo, acha mashine izunguke polepole ipoe. Kama hayatoki kabisa, zima.

3. Shusha nanga kabla ya kufungua kitu chochote. Mkondo haukungoji.

4. Kagua kwa mpangilio: koki, chini ya chombo, chujio, mkanda wa pampu, impela. Nenda kutoka kitu rahisi hadi kigumu.

5. Usifungue kifuniko cha maji safi mashine ikiwa moto. Mvuke wake huunguza uso. Usimwagie mashine maji baridi, chuma hupasuka.

Jifunze pia kusoma moshi na oili. Moshi mweusi ni mzigo kuzidi, hewa haba au nozeli mbovu. Wa bluu ni oili inayoungua. Mweupe usiokwisha ni dizeli isiyowaka au maji. Oili ikifanana na chai ya maziwa, maji yameingia, usiwashe tena. Oili ikipanda juu ya alama na kunukia dizeli, pampu ndogo imepasuka ndani.

KWA WENYE MASHINE ZA PETROLI ZA NJE

Mashine zenu nazo zina impela, na ile maji inayoruka upande ndiyo shahidi wake. Mashine isipokojoa, zima. Kwanza zibua tundu kwa waya laini. Kama bado, impela imekwisha. Somo la tope na kusuuza ni lenu pia.

RATIBA YA KUBANDIKA UKUTANI

Kila siku: mwaga maji ya bilauri, pima oili, safisha chujio la maji, tazama maji tezi, jaza tangi jioni.

Kila wiki: fungua na kufunga koki ya maji ili isigande, kagua klipu, mabomba na mkanda, tazama tundu la kupumulia la tangi.

Kila saa 50: fungua pampu utazame impela, tazama vipande vya alumini au zinki.

Kila saa 200, au mapema kitabu kikisema: badilisha filta zote mbili za dizeli, oili na filta yake.

Kila mwaka, chombo kikipandishwa: safisha tangi, fungua kipozeo, badilisha impela hata kama inaonekana nzima, kagua koki ya maji.

Andika saa za kazi katika daftari. Ndani ya chombo kuwe daima na impela mbili, filta mbili, klipu, mkanda, lita moja ya oili, spana, kurunzi, nanga na kamba ndefu, makasia, na jaketi la kuokolea kwa kila abiria. Chombo hakiendi ila kwa nyenzo.

Oili chafu na dizeli iliyochafuka visimwagwe mtoni. Delta ya Tana iliorodheshwa mwaka 2012 kuwa ardhi oevu yenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar, na maji hayo ndiyo mazalia ya kamba na samaki tunaowavua. Kusanya kwenye jerikani yenye alama. Kila kamati ya BMU inaweza kutenga pipa moja la oili chafu penye bandari yake na kupanga siku moja ya kusafisha mashine pamoja, kila mwenye ujuzi amfundishe kijana mmoja.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Mashine inazima kila baada ya nusu saa, kisha inawaka tena. Utatazama nini kwanza?
2. Umebadilisha filta na sasa utazungusha starta mara nyingi. Koki ya maji iwe vipi?
3. Umefunga impela mpya, lakini joto bado linapanda. Ya zamani ilikosa ucha mmoja. Tatizo liko wapi?
4. Kwa nini bomba la kuvuta mafuta lililo kavu laweza kuwa bovu?

MAJIBU

1. Tundu la kupumulia la tangi. 2. Ifungwe, na ifunguliwe mara tu mashine inaposhika. 3. Ucha uliokatika umeziba njia mbele ya pampu, aghalabu mdomoni mwa kipozeo. 4. Kwa sababu huvuta hewa ndani badala ya kuvuja mafuta nje.